Wayo

Katika viungo vyote vya mwili hapana kitumikacho zaidi na kisifiwacho kidogo kuliko wayo. Uso umetungiwa mashairi, shingo imevishwa mkufu, kidole kimepewa pete, na hata kifundo cha mguu kimepata furungu lake. Lakini wayo, ambao huvichukua vyote hivyo pamoja na mapambo yake, hutajwa siku ya mwiba. Watu huhimizana kufuata nyayo za wazee wao, na hapo pia aheshimiwaye ni mzee. Mahali palipo tambarare yamkini dhuluma hiyo husameheka, kwa kuwa huko wayo haufanyi makubwa. Palipo na mlima haisameheki.

Munanila ni mahali pa mlima. Iko katika nyanda za juu za Uha, mkoani Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi, na ilihesabiwa katika Wilaya ya Kasulu mpaka Wilaya ya Buhigwe ilipoundwa mwaka 2012. Migomba, maharagwe, mahindi, mihogo na kahawa vimepandwa juu ya miteremko ambayo mgeni huiona haifai hata kusimama, seuze kulima. Nyumba hupenda kukaa juu na maji hupenda kukaa chini. Kwa hiyo mtu hafiki kwa jirani yake asiposhuka kwanza na kupanda tena. Siku ya soko hupita wanawake wenye mikungu ya ndizi vichwani, ngata ya majani chini ya mkungu, mtoto mgongoni, na mazungumzo hayakatiki njia nzima. Atazamaye huustaajabia mkungu na shingo. Ajabu kubwa iko chini zaidi.

Wayo mmoja una mifupa 26. Nyayo mbili zina mifupa 52, nayo ni zaidi ya robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Mwili, ambao umeridhika na mfupa mmoja wa paja, umeona lazima kutia vipande vingi namna hiyo katika mahali padogo kama pale. Na sababu yake ni kwamba kitu kimoja kigumu kingevunjika, na kitu kimoja laini kingelala. Mifupa hiyo imepangwa kama mawe ya tao la daraja. Chini yake imefungwa kwa kano na nyuzi ngumu, hata tao likilemewa hutanuka kidogo, na likipunguziwa mzigo hurudi mahali pake kama upinde, na katika kurudi kwake humrudishia mwendaji sehemu ya nguvu aliyoitumia kukanyaga. Daraja la mawe halifanyi hivyo. Chini ya mfupa wa kisigino umewekwa mto wa mafuta yaliyogawanywa katika vijumba vidogo vidogo, ili yasikimbilie upande mmoja mtu anaposhindilia uzito wake wote.

Mifupa hiyo huanza maisha ikiwa laini. Sehemu kubwa ya wayo wa mtoto mchanga ni gegedu tu, kitu kifananacho na kile cha sikio, na hugeuka mfupa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Hapo ndipo penye hatari na ndipo penye tumaini. Katika kila watoto elfu moja au zaidi kidogo huzaliwa mmoja ambaye wayo wake umejikunja kwa ndani, ukitazama juu badala ya chini. Hospitalini huitwa mguu kifundo. Zamani mtoto huyo alikua akikanyagia mgongo wa mguu, na majirani walitafuta kosa katika nyendo za mama yake. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha katikati ya karne ya ishirini kwamba kisu kikubwa si cha lazima: mguu hunyoshwa kwa mkono taratibu, hufungwa plasta ile ambayo watu huiita hogo, na baada ya wiki hufunguliwa, hunyoshwa tena kidogo na kufungwa tena, mara tano au sita au saba, kisha aghalabu kano ya kisigino hukatwa kidogo ili iungane ikiwa ndefu zaidi, na mtoto huvaa viatu vyenye chuma cha kuvishika, vya usiku, kwa miaka michache. Waliosema udongo uwahi ungali maji hawakuwa wakifikiria mifupa, walakini hapana waliposema kweli zaidi. Mashaka yaliyobaki ni ya njia: mama atokaye mlimani kila wiki kuifuata plasta huchukua mtoto mwenye mguu mzito kuliko wa jana, naye mwenyewe hana gari.

Kuhusu misuli, wayo una hila ya tajiri: kazi nyingi hufanyiwa na walio mbali. Misuli yenye nguvu iko katika shavu la mguu, na kano zake hupita kandokando ya kifundo mpaka vidoleni kama kamba za tanga zilizo mikononi mwa baharia aliyekaa shetri. Kupanda mlima ni kazi ya misuli hiyo kujikusanya. Mtu hutweta, jasho hutoka, na kila mtu hujua kwamba anafanya kazi. Kushuka hudharauliwa. Pumzi hutulia, ulimi hupata nafasi, na mshukaji hujiona amestarehe. Kumbe misuli ya mapaja inafanya kazi iliyo mbaya kuliko zote, yaani kuvutwa ikiwa inakaza, kama mtu ashikaye kamba ya ng'ombe ateremkaye. Nyuzi zake nyingine huchanika, chanika ndogo isiyoonekana, na maumivu huja kesho yake, hata mgeni wa Munanila hufikiri ameumwa na homa. Mwenyeji haumwi hivyo, kwa sababu misuli iliyokwisha kuchanika na kujijenga tena mara nyingi hujifunza. Goti halijifunzi. Gegedu la goti halina mishipa ya damu, kwa hiyo hujitengeneza polepole mno au halijitengenezi kabisa. Na mzee ambaye mapafu yake bado yangemfikisha kileleni huzuiwa na mteremko wa kurudi.

Mwaka 1986 wataalamu, miongoni mwao Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitangaza jambo lililowashangaza wenzao wa dunia nzima. Waliwapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu wa Kenya wakitembea na mizigo, wakaona kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mchukuzi haukumwongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Wengine waliopima huko Afrika ya Kusini baadaye, katika mwaka 2010, hawakuona hivyo, na wanawake wao walilalamikia shingo. Huenda wote walipima kweli. Walakini neno la kwamba mzigo hauna gharama lipokewe kwa uangalifu, maana kilichopimwa ni pumzi. Shingo, goti na wayo huandika deni lao katika daftari jingine, na hulidai mtu akiwa na umri wa miaka hamsini.

Waha waliijua gharama hiyo kabla ya vipimo. Katika zama za ukoloni maelfu ya vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali, Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja aliandikwa kwa namba. Baada ya mwaka 1944 kilikuwapo chama cha wenye mashamba, SILABU, kilichowasafirisha. Kabla ya hapo wengi walianza safari kwa miguu. Kilichokodishwa katika biashara ile ni ngozi, mifupa na misuli, na mkataba ulisema habari za siku za kazi bila ya kusema habari za goti. Njia hizo za mlimani zimepitiwa pia na nyayo zisizokuwa na mkataba wowote. Mwaka 1972, na 1993, na 2015, watu wa Burundi walivuka mpaka kwa miguu kuingia Kigoma, na wengi walifika nyayo zimetoka malengelenge.

Lengelenge na sugu ni watoto wa mama mmoja. Vyote viwili huzaliwa na msuguano. Tofauti yao ni haraka. Msuguano ukija kwa pupa, tabaka la juu la ngozi huachana na yaliyo chini yake, na maji hujaa katika nafasi hiyo. Ukija siku kwa siku, ngozi hupata nafasi ya kujibu: chembe za chini huongeza kuzaana, zilizokufa hukaa juu kwa wingi zaidi, na sugu hufanyika. Atembeaye peku tangu utoto amekwisha kushonewa kiatu na mwili wake mwenyewe. Kiatu hicho kina kasoro moja. Ngozi ya wayo haina vinyweleo wala tezi za mafuta. Unyevu wake hutoka kwa jasho. Kiangazi kikikausha hewa ya mlimani, sugu ya kisigino hupasuka ikawa magaga, na ufa wa magaga ukiteremka mpaka ngozi hai, hutoka damu na kuruhusu vijidudu.

Wavaao viatu wamezoea kudhani kwamba mwenye sugu amekufa ganzi, na ya kwamba maskini haumwi na changarawe. Dhana hiyo ilipimwa nchini Kenya kwa watu wa Kikalenjin, wengine wa kutembea peku na wengine wa viatu, pamoja na watu wa Boston, Marekani, na habari zake zikachapishwa mwaka 2019. Watembea peku walikuwa na sugu nene zaidi, kama ilivyotazamiwa. Lakini nyayo zao zilisikia mtikisiko wa chini sawasawa na nyayo za wengine. Sugu ni ngumu, na kwa ugumu wake huupeleka mguso mpaka kwenye mishipa ya fahamu iliyo ndani. Soli laini ya kiatu huumeza mguso njiani. Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio ndefu za Olimpiki za Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2 na dakika 15, alishangiliwa kama mtu aliyestahimili maumivu. Yaelekea alikuwa mtu aliyeisikia barabara vizuri kuliko wenzake. Mwaka 1969 alipata ajali ya gari iliyomwumiza uti wa mgongo. Miguu ilibaki mizima, haikusimama tena. Alifariki mwaka 1973.

Maana wayo usiosikia si wayo, na hili ndilo fundisho ambalo ukoma umelifundisha kwa ukali kuliko maradhi yote. Kijidudu cha ukoma, kilichogunduliwa na Hansen wa Norwei mwaka 1873, hupenda mishipa ya fahamu iliyo katika sehemu za mwili zenye ubaridi, mikono na miguu na uso. Watu waliamini kwamba kinakula vidole. Hakili. Kinachofanya ni kumfukuza mlinzi. Mgonjwa hukanyaga kaa la moto na kuendelea na mazungumzo. Mwiba huingia, hukaa, huoza. Usaha huufikia mfupa, na mfupa huliwa kidogo kidogo mpaka kidole kikafupika. Dawa za kuuponya ukoma zimepatikana tangu miaka ya 1980, lakini mlinzi akiisha kuondoka kabisa harudi. Siku hizi kisukari huifanya kazi ile ile ya kumfukuza katika nyumba ambazo ukoma haukupata kuingia. Maumivu ya wayo, ambayo kila mtu huyalaani, ni mtumishi ambaye hana badala.

Bado adui mmoja, mdogo kuliko wote, na Kigoma humjua vizuri mno. Funza hapiti milimita moja. Hakuwa mwenyeji wa Afrika. Aliletwa mwaka 1872 kwa merikebu iliyotoka Brazil hadi pwani ya Angola, na kabla ya karne kwisha alikuwa amekwisha kufika pwani ya mashariki. Bara zima alilivuka kwa miguu, nayo haikuwa miguu yake: alisafiri katika vidole vya wapagazi, askari na wafanya biashara, akishuka katika kila kambi. Sugu haimzuii, maana hapigani nayo. Huingia palipo laini, chini ya ukucha, katikati ya vidole, pembeni mwa kisigino. Jike hujizika kichwa mbele katika ngozi, akaacha nje sehemu yake ya nyuma tu, doa jeusi dogo, ambalo kwalo huvuta pumzi na kutoa mayai. Katika muda wa wiki mbili huvimba akawa kama punje ya kunde, hutoa mayai mamia, kisha hufia mumo humo. Mayai huanguka katika vumbi, na vumbi likiwa kavu na lenye kivuli hutoka funza wengine, ambao hawana safari ndefu kuutafuta wayo.

Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Kasulu, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwakagua watu 586. Waliokutwa na funza ni 249, yaani watu 42 na zaidi katika kila mia. Hesabu hiyo haistahili kupitwa haraka. Mwenye funza mmoja huwashwa. Mwenye funza thelathini hubadilika mwendo. Hukanyaga kwa ubavu wa mguu au kwa kisigino ili kuviokoa vidole, na tao lile la mifupa 26 hulazimishwa kuchukua uzito kwa upande ambao halikujengewa; misuli ya shavu hukosa kazi, goti hupinda, mgongo hufuata. Kucha hung'oka. Kidonda kinachobaki ni mlango wazi wa pepopunda, kwa asiyechanjwa. Hivyo ngozi, ambayo wengi huihesabu kuwa ni kifuniko tu, ikiharibika pahali padogo huiharibu mifupa na misuli iliyo mbali nayo.

Matibabu ya nyumbani ni sindano, pini au mwiba. Jioni mama huuweka mguu wa mtoto pajani mwake, huuelekeza penye mwanga, na kuanza kuchokoa.

"Mama, taratibu."

"Tulia, baba. Bado mmoja."

Na mtoto anajua kwamba huyo mmoja hana hesabu. Mkono wa mama ni hodari, lakini funza akipasukia ndani kidonda huoza, na pini itokayo mguu huu kwenda mguu wa jirani yaweza kuchukua maradhi ya damu pamoja nayo. Maumivu hayo mtoto huyavumilia. Asilolivumilia ni shuleni. Wenziwe humcheka mwendo, hupewa jina, naye hukaa nyuma akificha miguu chini ya dawati, mpaka siku anapoona heri abaki nyumbani. Watu wazima, ambao wangemtetea, husema kwamba funza ni ugonjwa wa wavivu na wachafu. Neno hilo aghalabu hutoka katika nyumba yenye sakafu ya saruji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na asemaye hivyo hajapata kuhesabu ni ndoo ngapi za maji zatakiwa kuilowesha sakafu ya udongo ya vyumba viwili wakati wa kiangazi, wala hajaipanda na ndoo hizo njia itokayo bondeni. Mama yule si mvivu. Maji yakiwa machache hupika, hunywesha watoto, na vumbi hungoja. Nguruwe, mbuzi, mbwa na panya nao hubeba funza yule yule, kwa hiyo hata miguu ikisafishwa yote, uani anabaki mgeni wa kumrudisha. Mzizi wa maradhi haya ya ngozi hauko katika ngozi hata kidogo. Uko katika sakafu, katika bei ya mfuko wa saruji mahali ambapo lori hupanda kwa taabu, na katika urefu wa njia ya maji.

Dawa ya mguu wenyewe imepatikana. Yako mafuta mepesi yaitwayo dimetikoni, yasiyo sumu, ambayo yakipakwa juu ya lile doa jeusi huingia katika tundu la pumzi na kumziba funza mahali alipo, bila ya sindano wala damu. Yalijaribiwa mashambani nchini Kenya kwa watoto 47, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kila mtoto alitiwa mafuta mguu mmoja, na mguu wa pili ulioshwa kwa dawa ya zambarau iliyozoeleka zamani. Baada ya siku saba, funza 78 katika kila mia walikuwa wamekufa au kukaribia kufa katika miguu ya mafuta. Katika miguu ya zambarau, 39. Hapana shaka kwamba kwa juma zima watoto wale walikuwa na mguu mmoja wenye bahati na mwingine usiokuwa nayo, na kila jioni miguu yote miwili ilirudi nyumbani pamoja, ikakanyaga sakafu ya kila siku.